Bomba Ndani ya Boti

Kwa miaka ishirini na sita nimetengeneza matangi ya maji. Kazi yangu ni kuyazuia maji yasitoke, na hakuna aliyewahi kuniomba niyazuie yasiingie. Kwa hiyo mdogo wangu, mkunga wa zahanati ya upande wetu wa bwawa, aliponiambia boti yao ya mbao imeoza na anataka nimuundie ya chuma, nilimcheka machoni. Yeye hakucheka. Hospitali iko upande wa pili, barabara inazunguka saa nne nzima, na mwezi uliopita mama mmoja alimfia njiani.

"Chuma kinazama," nikamwambia, nikatupa nati kwenye ndoo ya maji ili aone.

Akachukua sufuria, akaiweka juu ya maji hayo hayo, ikaelea. Akatia nati tatu ndani yake, ikashuka kidogo, ikatulia.

"Kaka, sufuria inasukuma maji pembeni. Maji nayo yanaisukuma juu, kwa nguvu sawa na uzito wa yale yaliyosukumwa. Kipe chuma tumbo kubwa, kitabebwa tu."

"Sufuria haipandwi na watu," nikasema, huku nikitafuta futi ya kupimia mabamba ya chuma.

Tuliiunda kwa wiki tano, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mwenye mikono ya dhahabu na kichwa kinachosafiri. Siku ya kuishusha, mdogo wangu akasema ataingia wa kwanza, peke yake, ili wagonjwa wake wasiogope. Hajui kuogelea. Na ndugu wa tumbo moja ninaye huyo tu. Tukaisukuma, kamba mkononi mwangu, ikateleza, ikaelea. Nilisahau kupumua. Mabamba niliyoyabeba moja moja mpaka kiuno kikagoma, leo yalikuwa yanachezacheza juu ya maji, tena na mtu ndani.

Ndipo nikaliona bomba, ambalo halikuwepo jana jioni nilipomwachia shemeji amalizie sakafu. Lilikuwa limesimama katikati ya sakafu, urefu wa goti, limechomelewa vizuri kabisa. Kila tangi letu lina bomba kama hilo: linatoboa sakafu na kusimama ndani, ili maji yakizidi yaingilie juu na kutokea chini.

"Umetoboa boti," nikamwambia shemeji.

Akatazama, akashika kichwa. "Mkono ulienda wenyewe, shemeji. Mazoea."

Nikaivuta kamba kama aliyepagawa. Mdogo wangu alikuwa ameshainama, anachungulia ndani ya bomba. "Acha fujo," akasema. "Njoo uone."

Nikapanda. Maji yalikuwa yamepanda ndani ya bomba upana wa vidole vitano, basi, yakasimama hapo. Nikatumbukiza kipande cha nondo. Sehemu iliyolowa ililingana sawasawa na maji ya nje ubavuni mwa boti. Nilipoketi yalipanda kidole kimoja. Shemeji alipoingia, na yeye sahani haimuogopeshi, yalipanda kidole na nusu. Ile nguvu aliyonihadithia mdogo wangu kwa sufuria sasa nilikuwa naitazama inafanya kazi, kimya kimya, chini ya miguu yangu. Mwili ulinisisimka.

Hata hivyo nikasema boti inarudi karakana nikalikate bomba hilo. Sikumaliza. Muuguzi alifika akikimbia: kuna mama ana uchungu tangu jana, na damu imeanza kumtoka.

"Mleteni," mdogo wangu akasema.

"Boti ina tundu."

"Tundu lina ukuta, kaka, na ukuta ni mrefu kuliko maji."

Tukamlaza mama kwenye godoro, muuguzi akabaki kuangalia zahanati. Shemeji akashika makasia, safari hii bila mzaha. Mimi nikakaa kando ya bomba, tambara mkononi, nondo mkono wa pili. Nikachovya, nikaikwaruza alama kwa msumari pale maji yalipofika. Moyoni niliapa kwamba yakipita hapo hata kidogo, tunageuza.

Katikati ya bwawa mtoto akakataa kungoja. "Geukeni, mtupe mgongo," mdogo wangu akaamuru, nasi tukageuka. Mimi nililikodolea macho bomba. Kila wimbi lilipopita maji yalipanda, yakashuka, yakarudi kwenye alama. Mama alilia kwa muda ambao sitaki kuurudia. Kisha sauti nyingine ikalia, nyembamba, yenye hasira.

Nikajua tumeongezeka mtu. Nikachovya nondo kuona ametuzamisha kiasi gani. Maji yalikuwa pale pale kwenye alama. Nikaifuta nondo, nikachovya tena. Pale pale.

"Mbona hayajapanda?" nikauliza, bado nimewapa mgongo.

Mdogo wangu alikuwa anafunga kitovu. "Damu imekata, hospitali wataangalia zaidi," akamwambia mama kwanza. Kisha akanijibu mimi, taratibu. "Yapande kwa nini, kaka? Alikuwemo."

Shemeji aliendelea kupiga makasia. Nilipohesabu watu ufukweni kabla ya kuondoka nilisema wanne. Maji yalikuwa yamebeba watano tangu pale, na mimi, mzee mzima, nikalia mbele ya shemeji yangu bila haya.