Risasi za Signe

Nimesubu risasi za bastola miaka thelathini na moja katika banda lililo nyuma ya nyumba yangu, na sipendi kufundishwa kazi. Nakwambia mapema ili ujue nilivyokuwa na kichwa kigumu masika yale.

Binti yangu Signe alikuwa amebakiza shindano moja tu kuingia timu ya jimbo letu la Montana. Nafasi zilikuwa nne, naye alikuwa wa tano. Tangu ana miaka kumi na minne mpaka sasa ana ishirini na tisa, hajawahi kupiga risasi mashindanoni ambayo sikuitengeneza mimi. Nayeyusha vile vipande vya madini ya risasi vya kubalansia magurudumu ninavyopewa gereji, namimina kwenye kalibu, napaka nta, kisha kwa mashine yangu ya mkono naikaza kila risasi kwenye ganda lake juu ya baruti. Ilikuwa fahari yangu, na sikuificha.

Taabu ilianza Signe alipowekewa mtutu mpya na Lyle Koontz, fundi wetu wa bunduki. Tangu siku hiyo bastola ikawa inakwama. Inapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu inaingia nusu na kugoma, imebaki wazi kama droo iliyojazwa nguo.

Nikapunguza nta. Nikabana zaidi midomo ya maganda. Nikazishindilia risasi ndani kidogo, nikazirudisha nje kidogo. Kila moja niliidondosha kwenye mtutu wa kupimia ulioko mezani pangu. Ikizama yote hadi chini, na ikatoka yenyewe nikiugeuza mtutu, imefaulu. Zilifaulu zote, mia nne nzima, na kwa Signe zikakwama vilevile. Nilipandwa na hasira nikapiga teke ndoo iliyojaa risasi, na kidole kikavimba wiki nzima. Basi nikaamua kwamba kosa ni la Lyle, nikaenda dukani kwake.

"Lyle, umemharibia mtoto bastola."

"Mzee Haugen, mtutu ule nimeupima mara tatu. Chemba yake, pale risasi inapokaa, imebana kwa sababu ni ya shabaha. Hebu niletee hizo risasi zako nizione."

"Nikuletee wewe? Wewe unayepiga risasi za boksi, za kununua dukani?"

Kwetu hilo ni tusi zito. Wateja wakaangua kicheko. Lyle alikunja uso, akarudi kwenye kazi yake.

Siku ya shindano ikafika. Signe alianza vizuri, akapanda hadi nafasi ya nne. Halafu, katikati ya raundi ya pili, nikamwona anainua mkono wa kushoto kumwashiria mwamuzi. Imekwama. Sheria zetu zinakusamehe mara moja tu. Mwamuzi akamruhusu kurudia, akarudia. Sasa ilibaki raundi ya haraka, risasi tano kwa sekunde kumi, kisha tano nyingine. Ikikwama tena, zilizobaki hazihesabiwi.

Akanijia nyuma ya mstari amefura.

"Baba, ikigoma tena nimekwisha."

"Si nilikwambia mtutu wa Lyle—"

"Sitaki kusikia habari za mtutu! Wiki tano wimbo ni huohuo!"

Hajawahi kunipigia kelele mbele ya watu. Nyuma yake alisimama Lyle, kumbe Signe ndiye aliyemwita. Lyle akaufungua mtutu wa bastola juu ya bodi ya pikapu yangu, akachukua risasi yangu moja, akaidondosha ndani. Ikagota kabla ya kufika. Ya pili ikagota. Ya tatu ikazama.

"Mzee, nyumbani unapimia nini?"

"Mtutu."

"Mtutu upi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ulikuwa mtutu wa zamani wa Signe. Lyle alipoutoa niliona hasara kuutupa, nikaufanya kipimo. Ulikuwa umeshapitisha maelfu kwa maelfu ya risasi, umelika ndani, unameza chochote. Risasi za mtutu mpya nilikuwa nikizipimia kwenye mtutu uliochoka! Nilitamani anitukane kwa maneno mabaya, maana nilistahili.

"Wengi wanalifanya hilo," Lyle akasema. "Tuna dakika tisa. Leteni boksi la risasi zenu."

Tukapima moja moja, watu watatu. Katika risasi sitini na mbili, tulipata tisa zilizozama sawasawa; nyingine bastola ingeweza kuzisukuma au ikagoma, na Signe alihitaji kumi za uhakika.

"Chukua moja yangu," Lyle akasema.

"Ya kwako itapiga pembeni. Bastola nimeitegeshea za Baba." Signe akaokota ile iliyogota kidogo kuliko wenzake. "Hii itakuwa ya kumi."

"Itakukwamia, mama," nikamwambia.

"Nitaiweka ya kwanza kwenye tano za pili. Ya kwanza naipandisha kwenye chemba mwenyewe kabla ya amri, nina nafasi ya kuisukuma kwa dole gumba. Zile nne za nyuma ndizo lazima zipande zenyewe."

Miaka thelathini na moja, na sikuwahi kuliwaza hilo.

Nilitazama kwa darubini. Tano za kwanza zikapita. Kwa tano za pili nilimwona anasukuma kwa dole gumba, na bastola ikafunga. Shabaha zikageuka kumwelekea, sekunde zikaanza kuhesabiwa. Akapiga zote tano. Alishika nafasi ya nne kwa tofauti ya alama mbili.

Nikamfuata Lyle. "Nilikukosea, tena mbele za watu."

"Basi njoo dukani Jumatatu, useme hivyo mbele ya watu walewale."

Signe alikuwa anafunga vitu vyake. Nikamkumbatia, akanikumbatia, kisha akasema, "Baba, nataka kalibu na mashine. Nitavifuata kesho."

"Lakini kosa nimeshalijua! Nitakuwa napimia kwenye mtutu wako."

"Najua. Ila wiki tano nakwambia zinakwama, na siku zote hizo hukuniambia hata mara moja nikuletee mtutu wangu. Ulikuwa umeshajua nani mkosaji."

Nilimfurahia, Mungu anajua. Na iliniuma vibaya. Kesho yake baada ya kanisa alikuja na gari lake, nami nikashika upande wa pili, maana mashine ile ni nzito, haibebwi na mtu mmoja.