Mzee wa Kanisa na Mkanda wa Mashine

Mkono wangu wa kulia uliingia kwenye mkanda wa mashine ya kusaga mahindi pale Kosele, Jumatatu ya tarehe kumi na nne Juni, 1993. Nilikuwa mfanyakazi wa Momanyi, Mkisii mwenzangu na mzee wa kanisa letu la Sabato. Mkanda huo ulikuwa na kifuniko cha bati zamani. Momanyi alikitoa kwa mikono yake kwa sababu kilipiga kelele, akakifanya mlango wa banda la kuku. Siku hiyo niliinama kufungua gunia, mkanda ukashika sweta, na nilipozinduka hospitalini nilikuwa nimebaki na kidole gumba peke yake.

Sitamsingizia mtu. Momanyi alinipeleka hospitali kwa pikapu yake, na mkewe Teresa, Mama Roselyn, alilala sakafuni kando ya kitanda changu siku nne. Teresa ni Mjaluo wa Asumbi, Kikisii chake ni cha kubabaisha, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Aliniita nyamera, yaani dada yangu. Nami nilimpenda, sioni haya kusema.

Nilipotoka hospitalini nilitaka fidia. Sikutaka makubwa. Nilitaka kibanda changu sokoni nikae chini niuze vitu vyepesi, kwa sababu nani ataajiri mwanamke wa kidole kimoja? Momanyi alikuja na Biblia kwapani.

"Mama Joyline," akasema, "ndugu wa imani hawapelekani kortini. Hii maneno tutaimaliza kwa baraza la kanisa. Halafu pia ukumbuke, wewe ndiye ulivaa sweta ya mikono mirefu."

Nikakubali. Nililelewa hivyo, na ningeshangaa kama ningefikiri tofauti. Baraza lilikaa, likaahirisha. Likakaa tena, mhasibu hayupo. Likakaa tena, kuna makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka.

Sasa, kanisani kwetu, kila robo ya mwaka kabla ya Meza ya Bwana tunatawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mwenye kinyongo na mwenzake humtafuta huyo huyo, akachukua karai na taulo, akapiga magoti. Huwezi kukaa na kesi moyoni juu ya mtu aliyeshika nyayo zako. Kuanzia Septemba ile, Teresa alinijia mimi kila robo, mbele ya wanawake wote. Alinitawadha polepole, machozi yakidondoka ndani ya karai, kisha ananiuliza, "Nyamera, umetusamehe?" Nami najibu nimesamehe. Nikirudi nyumbani naona aibu hata kuulizia baraza limefikia wapi.

Ikaendelea hivyo mpaka Machi ya tisini na sita. Robo iliyofuata, Sabato ya mwisho ya Juni, nilikaa kwenye benchi nikavua viatu kama kawaida. Teresa akapita na karai lake mbele yangu, akaenda kupiga magoti kwa Scovia, mwanamke ambaye hawajawahi kukosana naye hata kwa chumvi. Hakunitazama. Nilikaa na miguu mikavu mpaka wimbo ukaisha, nikijiuliza kwa nini msamaha wangu hauhitajiki tena.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Homa Bay, kwa wakili aitwaye Magige, kijana kutoka Kehancha. Aliniuliza maswali haraka haraka.

"Mkanda ulikuwa na kifuniko?"

"Hapana. Mwenye mashine alikitoa."

"Uliweka sahihi au kidole kwa karatasi yoyote, ya kusema umelipwa?"

"Hapana. Lakini anasema kosa ni langu, ile sweta."

"Mama, hata kama ulikosea kidogo, korti inagawa lawama. Pengine ungepunguziwa kiasi kwa sababu ya sweta. Lakini kufunika mkanda ni kazi ya mwenye mashine. Hiyo kesi ni yako." Alikuwa anaandika huku anatabasamu, na mimi nilitaka kulia kwa furaha. Miaka yote hiyo nilidhani nilijikata mwenyewe. "Uliumia lini?"

Nikamwambia. Akaacha kuandika, akageukia kalenda ukutani.

"Kesi ya kuumia iko na miaka mitatu tu ya kuipeleka kortini," akasema. "Yako iliisha tarehe kumi na nne mwezi uliopita. Umechelewa siku kumi na saba."

"Lakini nilikuwa nangoja kanisa!"

"Najua, mama. Korti inaweza kumpa ruhusa mtu ambaye hakujua mambo muhimu ya kesi yake. Wewe ulijua siku ile ile. Kungoja kanisa haihesabiwi."

Nilirudi Kosele moja kwa moja, nikamkuta Teresa uani kwake akichagua maharagwe kwenye ungo. Sikusalimia.

"Mlijua hii miaka mitatu?"

Aliweka ungo chini. Nilitegemea akane, na nadhani nilitaka akane.

"Baba Roselyn aliuliza wakili mapema, ukiwa bado hospitali," akasema. "Akaniambia ukikasirika utaenda kortini, na mashine itauzwa, na watoto watakula nini? Akasema nikushike mpaka hii Juni ipite."

"Na yale machozi?"

"Nililia kweli, nyamera. Nilikutawadha na roho yangu yote. Ni tarehe tu ndiyo nilikuwa naijua."

Kama angekuwa amejifanya, ningemtukana nikaenda zangu, maana wanafiki nimeshawazoea. Huyu alinihurumia kwa dhati na bado akaniuza, robo baada ya robo, na maji yalikuwa ya uvuguvugu kwa sababu alijua sipendi baridi. Nilimchukia pale pale, kwa kiasi ambacho kilinitisha.

Akanyoosha mkono kunishika. Nikarudi nyuma.

"Mimi nimeacha kukusamehe, Teresa," nikamwambia. "Na hii haina miaka mitatu."