Neti ya Mgeni

Mvua ya Elnino ilipotufikia huku Ukambani, mwanzoni hakuna aliyelalamika. Sisi ni watu wa kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji, hatujui kuyachukia. Mitaro ya matuta ilifurika, mashimo ya matofali yakajaa, hata nyayo za ng'ombe zikawa na maji. Mtu akikuambia uyafukie mashimo hayo, ulimwona ana wazimu. Basi mbu wakaja wakatulia, na homa ikafuata nyuma yao.

Jirani yangu Kavutha alikuwa ameshamzika mtoto mmoja kwa homa. Aliyebaki ni Mukai, msichana wa miaka mitatu, mwenye mdomo kuliko akina mama wote wa kanisani. Kwa hiyo mumewe Festus, aliyekuwa akivunja mawe Mlolongo, alipoleta neti iliyochovywa dawa, Kavutha aliipokea kwa mikono miwili. Aliitundika juu ya kitanda cha mbao, kile kikubwa alicholalia na mtoto. Kila jua likizama alikuwa akichomeka pindo zake chini ya godoro, huku Mukai akipiga makelele humo ndani kwamba anataka kutoka. Tulimcheka. Tulisema anamfuga mtoto kama kifaranga. Hakutujali, na alifanya vizuri kutotujali.

Mama mkwe wake, Mutindi, alikuwa na shughuli yake nyingine. Binti yake Wanza alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo, wale ambao kwetu bila wao mke si mke, hata mkifungishwa ndoa na askofu. Walikuja Jumamosi: baba wa bwana harusi, wazee wawili, na mama wa bwana harusi, Mama Mwanzia, mwanamke mnene mpole mwenye sauti ya chini. Tulikula, tukacheka, mambo yakaenda sawa. Jioni mvua ikashuka, mto ukafunga njia, ikawa lazima wageni walale.

Wazee walitandikiwa sebuleni. Mama Mwanzia alikuwa apewe kilicho bora nyumbani, na kilicho bora kilijulikana. Kavutha alimvuta mama mkwe wake nyuma ya jiko. Nilikuwa hapo nikiosha sufuria, kwa hiyo siongezi neno.

"Mwaitu, mama yangu, kitanda apewe," alisema. "Lakini neti niachie, nimfungie Mukai huku jikoni."

"Muthoni wangu, mkwe mzima, aumwe na mbu kwa nyumba yangu? Akifika kwao aseme nini?"

"Basi tumuombe alale na mtoto. Hiyo kitanda ni kubwa."

"Ndio ajue tuko na neti moja?"

Kavutha akaenda kumtandikia mgeni. Mke wa mwana husema mara mbili, ya tatu huambiwa hana adabu, na wageni walikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Siku hizi nikiusikia msemo huo natoka nje.

Mto ulikataa kushuka kwa siku kadhaa. Kavutha alilala na Mukai juu ya magunia jikoni, akafukiza mavi ya ng'ombe makavu mpaka macho ya wote wawili yakawa mekundu, akampepea mtoto kwa leso hadi usingizi ulipomshinda. Kila asubuhi mtoto alikuwa na vipele mikononi na usoni. Mto uliposhuka, Mama Mwanzia aliaga kwa baraka nyingi, akasifu jinsi alivyolazwa. Mutindi alifurahi sana. Neti ikarudi kwa Mukai siku hiyo hiyo.

Homa ilianza wageni wakiwa wameshasahaulika. Mvua ilikuwa imerudi, na zahanati iko ng'ambo ya mto. Kavutha alimpa vidonge vya maumivu, akamkanda kwa maji, akawa anaenda kuutazama mto na kurudi, anaenda na kurudi. Degedege lilipomshika mtoto, vijana wanne walifunga kamba wakamvusha mama akiwa amembeba mtoto kichwani. Waliufikia mlango wa zahanati. Mukai hakufika. Nililia siku ile kama aliyefiwa ni mimi, na sikuona haya.

Mama Mwanzia alikuja mazishini kwa miguu, matope hadi magotini. Baada ya kaburi kufunikwa, aliketi karibu na Kavutha jikoni, akamshika mkono. Mtu mwema, hilo siwezi kumnyima. Kavutha alikuwa akirudia jambo moja tu, kwamba alimwondoa mtoto kwenye neti.

"Usijilaumu, mwana wakwa," Mama Mwanzia alimwambia. "Hii ni kazi ya Mungu. Neti si kitu. Mimi hata hiyo yenu sikulala ndani. Ilinibana pumzi, nikaifunga huko juu. Kila asubuhi nilikuwa naishusha mapema, msije mkaona nimedharau kitu chenu."

Alisema kwa upole, akitaka kumpunguzia mzigo. Hakujua chochote, maana hakuna aliyemwambia. Mutindi alikuwa akipita na sinia ya vikombe. Alisimama, kisha akaketi chini palepale, kwenye majivu.

"Siku zote?" Kavutha aliuliza.

"Siku zote."

Nilidhani atapiga yowe. Laiti angepiga, ningepiga naye mpaka wa ng'ambo ya mto watusikie. Lakini kikombe cha Mama Mwanzia kilikuwa kimekwisha. Kavutha aliinua birika, akamjazia mgeni chai, akamuuliza kama sukari inatosha.