Mahenge, Dakika Kumi

Asubuhi moja ya Mei, mwaka 1996, Agnella alibandika maharage jikoni kwake Lipangalala, akatoka kwenda kutazama kibao kipya. Kilikuwa kimesimikwa katika shamba lake la mpunga, lile alilonyang'anywa mwaka uliopita kupisha mji wa biashara. Mji wenyewe haukuwa na hata tofali, lakini kibao kilipendeza: Stesheni ya treni, dakika tatu. Pantoni, dakika tano. Mahenge, dakika kumi.

Mahenge kwa basi ilikuwa safari ya kutwa, pantoni ikiwa nzima. Agnella akaona ajaribu kwa miguu. Mto Kilombero aliuvuka kwa hatua moja, kanga haikulowa, na dakika ya kumi alikuwa akibisha hodi kwa dada yake, Katarina. Katarina alimkaribisha uji, akauliza kama mama yao bado yuko kitandani. Agnella aliporudi, maharage yalikuwa hayajaiva.

Wiki haikuisha watu wakazoea. Kondakta wa basi la Mahenge alinung'unika siku mbili, ya tatu naye akaenda kwa miguu.

Agnella alibaki na shida moja. Shamba alilopewa badala ya lile lilikuwa mwendo wa saa tatu, na kibaoni halikuandikwa. Mpunga ulikuwa umekomaa. Kulala huko akiamia ndege wasile mpunga hakuweza, kwa sababu ya mama mgonjwa, na kila alipofika asubuhi alikuta kwelea wameshashuka.

Ijumaa alikuja mpimaji, kijana aitwaye Wendelin, na kopo la rangi. Alimwamkia shikamoo, akamsikiliza hadi mwisho akiomba shamba lake nalo liandikwe.

“Mama, hizi ni sehemu za kumvutia mwekezaji,” alisema kwa upole. “Shambani kwako atafuata nini?”

“Mimi nafuata mpunga, mwanangu.”

Wendelin alifikiri kweli kweli. Nafasi ilikuwepo ya mstari mmoja. Akachovya brashi, akaandika: Uwanja wa ndege, Dar es Salaam, dakika ishirini. Kisha akaaga, akaondoka kwa njia hiyo hiyo ya Dar es Salaam.

Kesho yake alfajiri Katarina alikuja kusaidia kuamia. Kutoka Mahenge alitumia dakika kumi. Kutoka hapo kibaoni, yeye na mdogo wake Agnella walitembea saa tatu, wakafika jua limeshapanda. Masuke yalikuwa yamesimama wima, mepesi, bila punje.