Gari Linalosema na Lile Linalonyamaza

Gari la marehemu lilikaa kwenye banda la nyuma, limefunikwa shuka kuukuu la kitanda cha wageni. Kila Jumamosi mama alilifunua, akalifuta vumbi, akaliwasha na kuliacha lingurume mpaka moshi mweupe uishe. Halikwenda popote. Majirani walishazoea. "Mama Chapuchapu anamwamsha mumewe," walisema, naye alicheka pamoja nao, maana hawakukosea sana.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Watu wazima waliotetemeka mikono, vijana waliojiona wanajua, wote aliwafundisha kwa gari hilo hilo dogo jeupe, linalosukumwa na matairi ya nyuma peke yake. Msimu wa mvua alitia gunia la mchanga kwenye buti, nyuma pawe pazito, pasirukeruke. Alikuwa akisema gari la namna hiyo ni kama mke mwenye adabu: likichukia, linakuonya kwanza. Mkewe alimjibu kwamba yeye amemwonya mara nyingi tu na hasikii.

Jumapili mchana, wanafunzi wakiwa makwao, alimchukua mkewe mpaka uwanja wa mpira uliolowa. Pale alikata kona, akaongeza mafuta kidogo, na mkia wa gari ukatoka taratibu, kama mtu anayesogea kwenye mkeka ampishe mwenzake. Naye aligeuza usukani kuufuata mkia ulikokwenda, bila haraka, na gari likanyooka. Mama aliisikia ile hali kiunoni kabla macho hayajaona kitu. Mara ya kwanza alipiga mayowe. Ya pili alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

"Umelisikia lilivyosema?"

"Limesema na makalio yangu, baba watoto!"

"Ndipo linaposemea hapo."

Siku hizo zilikuwa tamu, na utamu wake haujamtoka hadi leo. Mwalimu hakufa kwa gari. Alikufa kwa figo, kitandani, ameshikwa mkono.

Sasa binti yao. Chapuchapu lilikuwa jina alilopewa na baba yake, kwa kuwa alizaliwa mkunga bado ananawa mikono. Alikua, akawa mkunga yeye mwenyewe, akapangiwa zahanati iliyo juu ya kilima, barabara ya udongo mwekundu toka chini hadi juu. Akanunua gari refu jeusi, linalovuta kwa matairi yote manne.

"Mama, hili ni fowili," alisema akilipapasa. "Lile la baba lipelekwe makumbusho."

"Lile linasema na mtu."

"Hili halina haja ya kusema. Linafanya kazi."

Baba mdogo, fundi wa magari, mdogo wake marehemu, aliinua kichwa kutoka kwenye boneti. "Shemeji, dunia imebadilika. Humu mna kompyuta. Ikiona tairi moja linateleza inalituliza yenyewe, nguvu inahamia kwa mengine."

"Na dereva anaambiwa saa ngapi kwamba tairi limeteleza?"

"Aambiwe ya nini? Mambo yamekwisha."

"Hapo ndipo ninapoogopa," alisema mama. Wakamcheka wote wawili. Yeye aliishia darasa la saba, na hofu yake hakuweza kuipanga vizuri kwa maneno. Aliijua tu ilipokaa.

Siku moja alipanda zahanati kupima presha, akasubiri ateremke na binti yake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na barabara inang'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta. Chapuchapu akaondoa gari, mkono mmoja kwenye usukani, huku akisimulia habari za mapacha aliowapokea. Gari likatulia kama liko juu ya sakafu ya saruji. Mama alisikiliza kiuno chake. Kimya. Si kutikisika, si kusogea, hakuna lolote. Akaona miti inapita upesi mno.

"Punguza, mwanangu."

"Mbona halitelezi hata kidogo? Wewe una presha kweli."

Kwenye kona ya chini palikuwa na mtu anasukuma toroli la matofali, katikati ya njia. Chapuchapu akakanyaga breki. Breki zikatetemeka na kukoroma chini ya mguu wake, lakini gari halikusimama. Wala kona halikukata. Lilikwenda mbele moja kwa moja, kimya kimya, likapita toroli kwa upana wa kiganja, likaingiza pua kwenye mtaro na kugota kwenye ukingo wa udongo.

Mwenye toroli alichungulia dirishani. "Dada," alisema, "kama kuna mtu anajifungua, mwambie asubiri."

Chapuchapu alifuta jasho, akatia gia ya nyuma, akakanyaga mafuta. Matairi manne yakashika, gari likatoka mtaroni kama mtu anayeinuka kitini.

"Umeona?" Rangi ilimrudia usoni. "Limejitoa lenyewe! Lile la baba lingelala hapa mpaka kesho, tuite watu wa kamba."

Hapo mama akapata maneno aliyoyakosa siku nyingi. Gari hili linakutumbukiza, kisha linakutoa na kukubembeleza, usijifunze kitu.

Hakuyasema. Alijua binti yake angeyacheka kabla hawajafika nyumbani. Akabaki na njia moja tu, nayo ilimtisha kuliko mtaro: kumpeleka uwanjani na lile jeupe. Mtu aliyezoea kuonja sukari huirudia. Je, akiupenda utelezi kama baba yake alivyoupenda, halafu akaupeleka kilimani?

Jumapili iliyofuata baba mdogo alijaza upepo matairi na kubadilisha betri huku akinung'unika. "Shemeji, unamtibu mtoto kwa sumu."

"Kidogo tu," alisema mama. "Na mimi nitakuwa nimekaa kando yake."

Uwanja ulikuwa tope tupu. Chapuchapu aliingia kwenye kona kama alivyozoea, mguu mzima kwenye mafuta, na gari likazunguka lote likaangalia walikotoka. Injini ikazima.

"Mama! Limenigeuka!"

"Halijakugeuka. Limekuambia mara mbili, hukusikia."

"Limeniambia lini?"

"Rudia. Polepole. Acha macho, sikiliza kiuno."

Likazunguka tena. Chapuchapu akatukana kwa sauti ya chini, mama akajifanya hajasikia. Mara iliyofuata aliingia taratibu, akiwa ameuma mdomo.

"Hapo!" alipiga kelele. "Hapo mama, linasogea!"

"Ondoa mguu. Fuata mkia kwa usukani. Usikurupuke."

Gari likayumba, likafikiri, likanyooka. Binti akacheka, na kicheko kilikuwa cha baba yake mtupu, kile kinachoanza puani. Mama akatazama dirishani.

"Tamu," alisema Chapuchapu. "Mbona hamkuwahi kuniambia kuwa ni tamu hivi?"

"Ndiyo maana hatukukuambia."

Walikaa injini ikiunguruma. Kisha binti akauliza, bila utani safari hii: "Na lile langu, kule kilimani, lilikuwa linateleza hivi hivi?"

"Hivi hivi, mwanangu. Ila lilikuwa linakufichia. Matairi yote manne yanakusaidia kuondoka. Kusimama, unasimama kama gari la mtu yeyote."

Enyi mlio na watoto wenye magari ya kisasa, sisemi mkawarudishie ya zamani, wala msiwapeleke uwanjani wakacheze. Uwanja nao huvunja shingo. Semeni nao tu. Waambieni utulivu wa gari si utulivu wa barabara. Kawia ufike.

Jumatatu mvua ilinyesha tena. Jioni mama alipika mapema, akaandaa meza, akaenda getini, akarudi, akaenda tena. Baba mdogo alikuja kula, akakaa kama mtu aliyekuja matangani kabla ya msiba. Taa za gari zilipochomoza mwisho wa njia, zilikuwa zinatambaa.

Chapuchapu aliingia viatu mkononi. "Msiniulize. Nimeteremka kilima kizima na gia ndogo. Lori limenipigia honi mpaka limechoka. Mwenye baiskeli amenipita, akageuka kunitazama."

"Mwache atazame," alisema mama.

Ugali ulikuwa umepoa na mchuzi umeganda juu. Hakuna aliyeinuka kuupasha moto. Walinawa, wakala hivyo hivyo.