Benki Iliyojilaza Mtaa wa Sikukuu

Jumanne saa nne asubuhi, Mwanne akiwa anamkunjia mteja doti ya kanga kibandani kwake Mtaa wa Sikukuu, benki ya upande wa pili ilijilaza. Ililala kwa ubavu, taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba, madirisha yakaelekea juu. Hata kikombe cha muuza kahawa hakikumwagika.

Mwanne aliiacha doti mikononi mwa mteja. Yeye ndiye kijumbe wa mchezo wa akina mama kumi na wawili, na fedha za mchezo hazilali: zikikusanywa asubuhi, jioni ziko kwa mwenye zamu. Ila jana zamu ilikuwa ya Shamsa, anayekaanga samaki kule Feri, naye alikuwa mazikoni Bagamoyo. Basi Mwanne akazilaza benki, usiku mmoja tu.

Shamsa alifika mbio, viganja bado vina magamba. "Kijumbe, hela ya friza yangu imo humo!"

"Imo, mwaya. Tulia, benki wataiinua."

Kweli, kabla ya adhuhuri Serikali ilileta kamba. Bwana mwenye kipaza sauti alieleza kwamba benki ikifa, mtaa mzima umekufa. Hivyo kila kibanda kitashika kamba moja, kwa muda tu. Zikafungwa kwenye nguzo za vibanda. Benki ikipanda shubiri, vibanda vinazama shubiri. Watu walifurahi, jamani! Wabeba mizigo waliimba, muuza kashata akagawa bure, kashata za nazi na za karanga. Mwanne alipiga vigelegele mpaka akapwelewa sauti, huku meza yake ikiwa sawasawa na lami.

Alasiri benki ilisimama, ndefu kuliko jana. Mlango wake ulikuwa juu, kimo cha mnazi mchanga, na mlinzi Khalfani akichungulia.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Tushushie ngazi."

"Ngazi ipo, mama. Ila ni ya wenye hisa."

"Na sisi tulioshika kamba?"

Khalfani aliingia kuuliza. Akarudi, akateremsha kikapu. Ndani mlikuwa na kalenda kumi na mbili, zenye picha ya benki imesimama.

Shamsa aliipapasa yake. "Karatasi nzito. Mafuta hayapenyi." Akaenda nayo Feri kufungia samaki.

Tangu hapo, kila Jumatatu Shamsa hushuka vidato viwili hadi kibandani, na Mwanne humpa doti moja, kupunguza deni la ile friza. Kanga zinazobaki huzitundika kwenye kamba, ambayo hakuna aliyekuja kuifungua.