Glasi Moja kwa Meza Nzima

Kumtoa Gundel nyumbani ilikuwa kazi. Tangu kiharusi kimpate wakati wa Pasaka, jirani yangu huyo alikuwa hatoki. Kanisani haendi, mkate ananunuliwa, na mtu akibisha hodi anajificha chumbani. Miguu ilikuwa imesharudi; daktari mwenyewe alimwambia atembee. Tatizo lilikuwa mdomo. Upande wa kushoto ulilegea, akila kinadondoka, akinywa yanachuruzika, na Gundel ni mwanamke aliyekuwa akipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Alisema heri afie ndani kuliko watu wamwone akitokwa na mate kama mtoto anayeota meno.

Lioba, binti yake wa pekee, hakukubali. Nimpe haki yake kabla sijamsema: alihamia kwa mama yake, akamwosha, akamlisha kwa kijiko, akamfundisha upya kutamka maneno kama mwalimu wa chekechea. Wanangu mimi wangeniletea maua na kuondoka. Na kila siku alimwimbia mama yake wimbo ule ule.

"Mama, twende Jumanne na Shangazi Trudel huyu na kundi lake la kutembea. Njia yenyewe rahisi, kilima kidogo tu mwishoni."

"Mpaka kibandani?"

"Mpaka kibandani."

"Na glasi je?"

Hapo ndipo penye jambo. Kwetu Pfalz, kusini-magharibi mwa Ujerumani, mtu akishapita mashamba ya mizabibu, akaingia msituni na kufika kwenye kibanda cha chama cha watembeaji, hatafuti meza ya peke yake. Anabanana na wenzake kwenye benchi. Glasi huwa moja, kubwa, ya nusu lita, yenye vishimo ubavuni ili isimponyoke mtu mwenye mikono ya mafuta ya soseji, na ndani yake divai nyeupe iliyochanganywa na maji ya gesi. Inaanzia kwa aliyenunua, inazunguka meza, kila mtu anapiga mafunda yake na kumpa jirani. Wala haifutwi. Awe profesa, awe fundi bomba, akishakaa pale ni wa meza ile. Kuna daktari wa meno kutoka mjini aliwahi kufuta ukingo kwa kitambaa kabla ya kunywa. Ni miaka sasa, na tunamsema mpaka leo.

"Glasi itapita kama kawaida," Lioba akajibu. "Hakuna atakayekutazama, Mama. Nani akutazame? Eugen? Yule meno yake ya bandia yenyewe huyasahau kwenye mfuko wa koti."

Gundel akacheka. Akicheka mdomo ulizidi kupinda, kwa hiyo akauziba kwa mkono. Lakini akakubali. Nilikuwepo jikoni kwao, nilisikia kwa masikio yangu.

"Naenda kwa sababu yako," alimwambia binti yake. "Nikiaibika, ni juu yako."

"Ni juu yangu, Mama."

Jumanne ikafika, siku ya Oktoba yenye jua lisilochoma. Zabibu nyingi zilikuwa zimeshavunwa, zimebaki zile ambazo wenyewe wanazisubiri ziongeze utamu. Tulipita nyuma ya kanisa, tukafuata safu za mizabibu iliyogeuka manjano, polepole, maana kundi letu lina magoti mabovu kuliko mazima. Gundel alinishika mkono, amejifunga skafu mpaka kidevuni. Wenzetu walimsalimu kwa adabu nyingi mno, kila mtu akitazama vilele vya viatu vyake, na nikaanza kupandwa na hasira. Mtu akitoka kaburini msalimuni basi, msimwogope!

Aliyeokoa jahazi ni Eugen, mkulima mstaafu wa zabibu ambaye hajawahi kuwa na adabu.

"Gundel! Mimi nilijua umeshaolewa Amerika!"

"Nani anioe na mdomo huu?" Maneno yalimtoka taratibu, moja moja.

"Mimi hapa. Mdomo ukielekea upande, mume anapumzika. Matusi yote yanampata jirani."

Wenzetu wakarudi kutazama viatu vyao. Kisha Gundel akaanza kucheka, akacheka mpaka akasimama njiani kushika kiuno, na safari hii hakuuziba mdomo. Skafu ikashuka yenyewe na hakuipandisha. Nilimtazama Lioba, macho yalikuwa yamemjaa machozi ya furaha. Tukaingia msituni, njugu za mitini, zenye maganda ya miiba, zimetapakaa chini, na Gundel alikuwa akizipiga teke kama msichana anayetoka shule.

Kibandani tuliagiza madonge ya ini, mkate, na jibini laini lenye vitunguu. Tulikaa kwenye benchi moja: Eugen, kisha mimi, kisha Gundel, kisha Lioba, na wengine mbele yetu. Eugen alinunua glasi. Akanywa, akanipa. Nikanywa, nikampa Gundel.

Aliishika kwa mikono miwili. Alinywa. Yakachuruzika kidogo kidevuni, na glasi ilipotoka mdomoni ilivuta uzi wa mate, na chembe ya mkate ikabaki ukingoni. Hakuna aliyetazama, kwani Eugen alikuwa akitupiga uongo kuhusu nguruwe mwitu aliyemfukuza mpaka akakwea juu ya trekta. Gundel akapangusa kidevu, akainua macho. Alikuwa amerudi kwetu. Naapa, uso ule ulikuwa uso wa Gundel wa zamani. Akamkabidhi binti yake glasi.

Lioba aliipokea huku akimcheka Eugen. Akachomoa kitambaa kwenye mkono wa sweta, akaufuta ukingo, akauzungusha mara moja vizuri, akanywa.

Eugen aliishia katikati ya sentensi. Mezani hakuna aliyetafuna. Lioba alimeza, akashangaa ukimya, akatutazama mmoja mmoja, mwisho akakitazama kitambaa kilichokuwa mkononi mwake kama kwamba kimewekwa na mtu mwingine. Damu ilimpanda usoni hadi masikioni.

Mimi nilitaka kumzaba kibao. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, siku zote tunamwogopa daktari wa meno, kumbe! Lakini nilipomwona anavyokikodolea macho kitambaa kile nikaelewa, na kuelewa kulinivunja nguvu. Miezi yote ile alikuwa akifuta. Kidevu, kijiko, kikombe, meza. Akiionja supu ya mama yake kama imepoa, anakifuta kijiko kwanza. Mkono ulishazoea, haukumuuliza mwenyewe.

Tatizo ni kwamba Gundel naye alielewa.

"Kumbe na nyumbani ni hivyo," alisema.

"Mama, sikukusudia. Ni mkono tu, Mama."

"Najua ni mkono."

Akapandisha skafu. Eugen, maskini, alijaribu kumrudisha nguruwe wake, lakini hakuna aliyekuwa na kicheko. Glasi ilipozunguka tena na kufika kwa Gundel, aliipitisha bila kunywa, kama mtu anavyompa jirani chumvi. Lioba aliipokea na kuikumbatia, hajui ainywe au aiweke chini. Lolote ambalo angefanya lingekuwa baya. Sisi wengine tulishughulika na mkate wetu, na nasema wazi kwamba niliona aibu hata ya kumeza.

Tuliporudi Gundel alitembea mbele nami. Lioba alifuata nyuma, mbali, kama mtu aliyefukuzwa anayeogopa kusogea. Njia nzima Gundel alitamka sentensi moja tu, kwamba zabibu za Eugen zimechelewa mwaka huu. Mimi nilikuwa nimeshapanga maneno makali ya kumpa yule binti. Langoni kwao alinishika mkono, mama yake ameshaingia ndani.

"Shangazi, bora ningemtukana. Tusi ningeomba radhi. Hili naliombaje?"

Maneno yangu yote nikayameza. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye hakuhitaji mimi nimwambie.

Jumanne iliyofuata sikumtarajia. Nilipofika nyuma ya kanisa nikamkuta Gundel amesimama, amevaa kofia yake nzuri na mkoba begani. "Twende," alisema, kabla sijasalimu. Lioba alikuwa kando yake na kikapu, anatabasamu kwa woga, kama mtu aliyeambiwa amesamehewa lakini hajaamini vizuri. Nami nikafurahi. Njiani Gundel alimjibu Eugen matusi kwa matusi, kilima akakipanda bila kushikwa, na nikasema moyoni, basi, yamekwisha.

Tukakaa benchi lile lile. Eugen akanunua. Glasi ilipokuwa inakuja, Gundel akafungua mkoba, akatoa kitambaa kilichopigwa pasi, akakifungua taratibu. Ndani mlikuwa na glasi ndogo, ile ambayo haradali huuzwa ndani yake, ambayo kila nyumba kwetu huosha na kuwawekea watoto. Akaiweka mbele yake. Alipoipokea kubwa akamimina kidogo kwenye ndogo, kwa uangalifu, hata tone halikumwagika. Kisha akamgeukia binti yake.

"Shika, mwanangu. Sijaigusa."

Lioba hakuipokea. Akaupitisha mkono wake juu ya meza hadi kwenye ile ndogo.

"Mama, nipe hiyo. Naomba ninywe hiyo."

Gundel akaisogeza kando, bila hasira, jinsi anavyosogezewa mtoto kitu kisichomfaa.

"Hii ni yangu," alisema. "Yenu ile pale."